Chakula cha jioni cha Kiitalia Kisangani: mwongozo kwa wawili wapendanao

Malindi, kwenye pwani ya Kenya, mtu huamka na hamu ya tambi za kamba na jioni hiyohiyo akazila. Waitaliano walianza kuuzoea mji huo miaka ya 1960, nchi yao ilipojenga baharini karibu na hapo kituo cha San Marco cha kurushia satelaiti, na waliofuata wakaja na mapishi yao. Kisangani ni habari nyingine. Kutoka Kinshasa hadi hapa mto una urefu wa kilomita zipatazo 1,700. Chupa ya mafuta ya zeituni iliyopakiwa kwenye boti hufika baada ya majuma. Iliyopakiwa kwenye ndege hushuka uwanja wa Bangoka ikiwa na bei ya ndege.

Kwa hiyo wawili wanaoingia hotelini bila maandalizi wanaweza kukuta kwamba nusu ya vilivyoandikwa kwenye orodha havipo. Wanaambulia tambi zilizolainika kama uji na samaki aliyekuja nazo kwa mpigo mmoja, na baada ya dakika 30 jioni imekwisha. Haikupaswa kuwa hivyo. Chakula cha Kiitalia kinachostahili siku ya mapenzi kinawezekana Kisangani kwa masharti mawili: kiagizwe mapema, na kijengwe juu ya kile ambacho mto na soko la mji vinatoa.

Kwa nini Kiitalia?

Kwa sababu ya zamu. Kwenye meza nyingi za Kisangani lituma (ndizi za kupondwa), sombe (majani ya muhogo) na samaki hufika pamoja, watu wakala, wakashiba, wakanawa. Ni desturi nzuri kwa familia kubwa. Waitaliano hugawa mlo: sahani moja huja, huliwa, huondolewa, kisha inasubiriwa nyingine. Katikati ya sahani na sahani pana nafasi ya kuzungumza, na nafasi hiyo ndiyo wawili hawa wanayoitafuta. Anayelipia jioni ya Kiitalia analipia saa mbili za utulivu, zaidi kuliko anavyolipia jibini.

Sababu ya pili ni ya jikoni. Mapishi ya Kiitalia hutumia vitu vichache na kuvitegemea viwe vizuri: nyanya, kitunguu saumu, mafuta, samaki mbichi, majani yenye harufu. Karibu vyote hivyo vinauzwa Kisangani kila asubuhi.

> KISANDUKU: Sahani na zamu zake
>
> *Antipasto*: kionjo cha kufungulia, kidogo, mara nyingi baridi.
> *Primo*: tambi, au wali uliopikwa kwa mchuzi.
> *Secondo*: samaki au nyama.
> *Contorno*: mboga za pembeni, huja pamoja na secondo.
> *Dolce*: kitu kitamu.
> *Caffè*: kahawa nzito kwenye kikombe kidogo, mwisho kabisa.
>
> Si lazima zote. Kwa wawili, primo, secondo, dolce na kahawa zinatosha. Kipimo cha tambi ni gramu 80 hivi za tambi kavu kwa mtu. Kama samaki anafuata, gramu 60 zinatosha.

Hatua za maandalizi

1. Siku saba kabla, tembelea hoteli saa ileile utakayokula. Kisangani ina hoteli kadhaa zenye mgahawa wa kukaa kwa heshima, kuanzia Congo Palace katikati ya komuni ya Makiso hadi zile zilizo karibu na mto. Usichague kwa picha. Nenda saa 1 jioni, uketi, uagize soda, usikilize: jenereta iko wapi? Televisheni inapiga kelele? Muziki unatoka baa ya jirani? Meza iliyo nzuri mchana inaweza kuwa mbaya usiku.

2. Siku tano kabla, ongea na mpishi mwenyewe. Mapokezi watakujibu "ndiyo" kwa kila jambo, kwa adabu tu. Mpishi ndiye anayejua kilichomo kwenye friji. Nenda kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, jiko likiwa tulivu. Msalimie, muulize habari za kazi, mwite "chef" kama wanavyomwita wenzake, ndipo useme shida yako. Mpishi aliyeheshimiwa na kuambiwa kwamba ni kumbukumbu ya ndoa yenu atajitahidi zaidi kuliko aliyeletewa karatasi ya maagizo.

3. Kubalianeni orodha kwa maandishi. Sahani, saa, meza na bei ya jumla. Acha malipo ya awali na udai risiti, kwa kuwa pesa hiyo ndiyo itakayompeleka mpishi sokoni.

4. Leta kisichopatikana. Kama hoteli haina mafuta ya zeituni wala jibini gumu, uliza kama unaweza kuvileta. Omba kwanza, usije navyo kwa kushtukiza.

5. Siku moja kabla, piga simu. Hakikisha samaki ameagizwa na mafuta ya jenereta yapo.

Kuhusu tarehe: tarehe 14 Februari ni siku mbaya ya kula vizuri. Mtakatifu Valentino mwenyewe, kwa mapokeo, alikuwa askofu wa Terni huko Italia, lakini siku yake hoteli hujaa, jiko huzidiwa, na hakuna mpishi atakayewapikia tambi za watu wawili peke yao. Chagua tarehe 13 au 15. Mpenzi wako akiuliza, mwambie ukweli: ulitaka mpikiwe ninyi.

Orodha iliyojengwa Kisangani

Anza na samaki, kwa kuwa hapo ndipo mji huu unapozishinda hoteli nyingi za Ulaya. Kapiteni wa mto Congo, ambaye watu wa Ziwa Victoria wanamwita sangara, ana nyama nyeupe, imara, isiyo na miba ya kusumbua. Ukingoni mwa mji, kwenye poromoko la mwisho kati ya maporomoko saba ya Boyoma, wavuvi wa Wagenia bado wananing'iniza makapu makubwa ya kunasia samaki kwenye miti iliyosimikwa ndani ya maji yanayokimbia. Mchana wa siku hiyo, mpeleke mwenzako akaone. Wawili waliowaona wavuvi saa 10 alasiri watakuwa na la kuzungumza samaki akiletwa saa 2 usiku.

Mtindo unaomfaa kapiteni ni wa Napoli, unaoitwa *acqua pazza*. Hauhitaji tanuri wala krimu. Mpe mpishi maelezo haya:

1. Pasha mafuta ya zeituni vijiko vitatu, kaanga punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa bila kuzibabua.
2. Tia nyanya ndogo zilizokatwa nusu, konzi mbili, chumvi, na pilipili kidogo sana.
3. Mimina nusu kikombe cha maji, na divai nyeupe kidogo kama ipo na kama mnakunywa.
4. Laza vipande viwili vya kapiteni, gramu 200 kila kimoja. Funika, moto mdogo, dakika 10 hadi 12.
5. Nyunyiza mrehani au parseli, peleka mezani na mkate wa kuchovya.

Mrehani una aina nyingi. Ule wenye harufu kali, ambao wengi nchini Congo wanauita lumbalumba, utumike majani mawili matatu tu, la sivyo sahani itanukia dawa. Mafuta ya mawese, pamoja na uzuri wake wote kwenye sombe, yasiingie hapa. Yatafunika kila kitu. Mafuta ya zeituni yakikosekana, mafuta ya karanga yasiyo na harufu ni afadhali.

Samaki achaguliwe asubuhi ya siku yenyewe: macho maangavu, matamvua mekundu, nyama inayorudi ikibonyezwa. Aliyelala kwenye friji usiku umeme ulipokatika asikubaliwe hata kwa bei nusu.

Sasa tambi. Kabla ya kapiteni inatosha tambi ya nyanya iliyopikwa kwa makini, na makini hayo ni ya mambo matatu. Nyanya ziwe mbichi, zimenywe, zichemke polepole dakika 20 au zaidi hadi maji yakauke. Nyanya nzito ya kopo ikitumika peke yake huacha uchachu. Maji ya tambi yawe mengi, chumvi gramu 10 kwa kila lita. Na tambi itolewe dakika moja au mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, imalizikie ndani ya mchuzi, ili ibaki na ukakamavu kidogo kwenye jino. Hili la mwisho mwambie mpishi waziwazi, tena mara mbili. Wapishi wengi huivisha zaidi kwa nia njema, wakiogopa mteja atasema tambi ni mbichi.

Je, bolonezi? Inaliwa kote, lakini Bologna kwenyewe mchuzi ule wa nyama hauliwi na spageti: huliwa na tambi bapa za mayai ziitwazo tagliatelle. Mwaka 1982 Akademia ya Mapishi ya Italia iliandikisha mapishi yake kwenye Chemba ya Biashara ya mji huo. Ni mchuzi wa saa mbili motoni. Kama mpishi hana saa mbili, usiuombe.

Jibini ndilo jambo gumu. Parmesani ni ghali na adimu. Badala yake pana jibini la Goma, linalotengenezwa kwenye milima ya Masisi, ambalo kwa miaka mingi limesafiri hadi Kinshasa. Njia ya kutoka Kivu hukatika mara kwa mara kwa sababu ya vita, kwa hiyo uliza sokoni juma zima kabla. Tafuta kipande kilichokauka, ukikwangue kwenye tambi ya nyanya. Kwenye samaki usikiweke: Waitaliano wengi hawachanganyi jibini na samaki, na ukionja utakubaliana nao.

Kwa kitamu, nanasi lililochomwa kidogo na kunyunyiziwa kakao linatosha kabisa, na Bengamisa, kaskazini ya mji, inalima kakao. Tiramisu iache. Hutengenezwa kwa mayai mabichi, na yai bichi kwenye mji ambao umeme hukatika ni hatari ya kweli. Karibonara nayo ni vilevile, mayai yake hayaivi sawasawa.

Halafu kahawa, na hapa mkoa wa Tshopo, ulio na mji huu, una haki ya kujivunia. Kilomita kama 100 kushuka mto kutoka Kisangani ipo Yangambi, ambako mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo ya INEAC, leo INERA. Kahawa aina ya robusta, ambayo asili yake ni misitu hii ya Afrika, ilichaguliwa na kuboreshwa hapo, na miche yake ikaenea mbali. Robusta ndiyo inayozipa espreso nyingi za Italia, hasa za kusini, lile povu zito la juu na ule ukali. Mwaka huohuo wa 1933 Alfonso Bialetti alitoa Italia birika dogo la moka. Birika hilo halihitaji umeme. Linafanya kazi kwenye gesi au makaa. Ukiweza kulipata, lete: maji hadi kwenye kitobo cha pembeni, kahawa ijazwe bila kushindiliwa, moto mdogo, na liondolewe linapoanza kukoroma. Kahawa iwe robusta ya mkoa, iliyosagwa siku hiyo. Maziwa yasiwepo, kapuchino Waitaliano hunywa asubuhi.

Kinywaji

Usidhani. Kisangani ina Waislamu tangu enzi za Tippu Tip, aliyekuwa gavana wa eneo hili, wakati huo Stanley Falls, kuanzia 1887, ina Wakimbangu, ambao hawanywi pombe wala hawali nguruwe, na ina makanisa mengi yanayokataza ulevi. Juisi ya maracuja au tangawizi baridi kwenye glasi ya shina ni kinywaji chenye hadhi kamili. Kama mnakunywa divai, nyekundu ipoozwe dakika 20, kwa sababu joto la Kisangani si joto la ghala la Toscana, na mwulize mhudumu mapema kama kizibuo cha chupa za divai kipo.

Maji yafunguliwe mezani mbele yenu, na barafu muulizie ilitoka maji gani. Kisa kimoja cha hapa kinaonyesha kwa nini: mwaka 1951 mwongozaji John Huston alipiga sehemu ya filamu *The African Queen* kwenye mto Ruiki, kati ya mji huu, wakati huo Stanleyville, na Ubundu. Nyota wake, Humphrey Bogart, alifuatana na mkewe, Lauren Bacall, ambaye hakuwa na nafasi katika filamu. Alikuja kuwa na mumewe porini. Katika safari hiyo ya Congo na Uganda wengi waliugua matumbo, nyota mwenzake Bogart, Katharine Hepburn, akiwemo, na maji yakalaumiwa. Jioni ya mapenzi isiharibiwe na kitu kidogo kama hicho.

Umeme, mvua na mbu

Umeme wa mji unategemea kituo cha zamani cha mto Tshopo, na hukatika. Uliza jenereta inawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi, uombe meza iliyo mbali nayo. Mishumaa miwili iwepo, na kiberiti, hata kama taa zinawaka. Mvua hunyesha karibu mwezi wowote, kwa hiyo meza ya baraza iwe na mwenzake wa ndani, iliyotandikwa tayari. Jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni. Anayetaka kuuona mto ukibadilika rangi afike saa 11 na nusu. Mbu nao hufika saa hiyohiyo: mikono mirefu, dawa ya kupaka, na feni chini ya meza. Malaria hapa si habari ya kitabuni.

Muziki uwe rumba, kwa sauti ya chini. Rumba ya Congo iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, na hakuna wimbo wa Kiitalia utakaowagusa wawili hawa zaidi ya ule waliouchezea kwenye harusi ya rafiki.

> ONYO: Pete
>
> Usiifiche kwenye chakula wala kwenye glasi. Watu humeza, huvunja jino, au sahani huenda meza nyingine. Pete ikae mfukoni hadi kahawa.
>
> Kumbuka pia kwamba jibu la "ndiyo" mezani ni makubaliano ya wawili. Familia bado zinasubiri kujulishwa, na Sheria ya Familia ya Congo inatambua mahari kuwa sehemu ya ndoa. Baba au mjomba wa msichana asizione picha kwenye simu kabla ya kuonana na wajumbe wa kijana.

Makosa yanayorudiwa

*Kuagiza kila kitu.* Sahani tano nzito humaliza hamu ya mazungumzo. *Kukata tambi kwa kisu.* Zungusha chache kwenye uma, ukingoni mwa sahani. Kijiko si lazima. *Kula haraka ili mhudumu asisubiri.* Mwambie mwanzoni, kwa upole: "Ndugu, tuna muda, sahani ya pili uilete tukikuashiria." *Kumfokea mhudumu mbele ya mpenzi.* Hakuna kinachoonyesha tabia ya mtu upesi zaidi. *Simu mezani.* Piga picha moja, kisha izime.

Kosa zito kuliko yote ni kumshtukiza mtu kwa chakula asichokipenda. Asiyekula samaki wa mtoni apewe kuku wa kienyeji aliyekaushwa kwa kitunguu saumu na ndimu. Muulize mwenzako kabla ya kukubaliana orodha na mpishi, kwa njia ya mazungumzo ya kawaida.

Malipo na kurudi nyumbani

Bei inaweza kutajwa kwa dola na kulipwa kwa faranga. Uliza hoteli inatumia kiwango gani cha kubadilishia siku hiyo. Noti za dola ziwe safi: yenye tundu, mchaniko au maandishi hukataliwa. Kadi usiitegemee. M-Pesa, Airtel Money au Orange Money huenda zikakubaliwa, lakini weka pesa taslimu pia. Bahashishi mpe mhudumu mkononi, na nyingine mpelekee mpishi jikoni ukamshukuru kwa jina lake.

Kwa kurudi, panga dereva unayemjua na bei iliyokubaliwa kabla ya kula. Toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ni nzuri mchana. Usiku, kwa gauni refu, baiskeli haifai. Anayekaa Lubunga, ng'ambo ya mto, ale mapema au alale upande huu, kwani kuvuka kwa mtumbwi gizani si jambo la kumfanyia mtu unayempenda.

> ORODHA YA MWISHO, asubuhi ya siku yenyewe
>
> ☐ Samaki amenunuliwa leo
> ☐ Mpishi anakumbuka: tambi isiive kupita kiasi
> ☐ Meza mbili: ya nje na ya ndani
> ☐ Mafuta ya jenereta, mishumaa, kiberiti
> ☐ Jibini, mafuta ya zeituni, kahawa na birika vimefika jikoni
> ☐ Maji ya chupa, kinywaji, kizibuo
> ☐ Dawa ya mbu
> ☐ Noti safi, faranga ndogondogo za bahashishi
> ☐ Dereva amethibitisha saa ya kurudi

Kama sikukuu yenu iko ndani ya majuma mawili yajayo, nenda hotelini kesho kabla ya saa 5 asubuhi na uombe kuonana na mpishi.